Sisimizi wa Mkono wa Kushoto

Sukari hawakuigusa. Hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi, kwa sababu sisimizi asiyetaka sukari ni kama mgeni asiyetaka chai: kaja na jambo lake, na ukiona hivyo ujue si jambo dogo.

Walitokea kwenye ufa ulio chini ya dirisha la jikoni, wakapanda meza, wakalipita kopo la sukari likiwa wazi, kama watu wanavyoupita mlango wa jirani msengenyaji, kichwa chini na mwendo wa haraka. Wakashuka kwa mguu wa pili wa meza, wakavuka kizingiti na kuingia chumba cha mbele, ambacho kilikuwa sebule, duka na karakana kwa wakati mmoja. Wakapita chini ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa na nyuzi zilizokatika, wakauzunguka mguu wa ile sanamu ya kuvalishia nguo, kisha moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama mkwe. Mstari mmoja mweusi, mwembamba, ulionyooka kama bandi, ule mshono wa muda wa mafundi, iliyopigwa na mkono uliozoea.

Fundi aliwafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Alipomaliza kukikamua kitambaa na kugeuka, mstari ulikuwa palepale.

Watu wote mtaani walimwita Fundi, bila jina, kana kwamba alizaliwa na tepu shingoni. Alikuwa mjane, hana mtoto, na mume wake hakumwachia kitu ila nyumba hiyo yenye nyufa na mama yake mzazi. Wengine wangesema urithi huo ni mzigo. Fundi mwenyewe alikuwa anasema amepewa kasuku asiyehitaji tundu. Maana mama mkwe, ingawa macho yalikuwa yamefunga ukungu na pumu ilimpigia filimbi kifuani, mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Alimtania mkwewe tangu asubuhi mpaka taa izimwe: mara upishi wake, mara mguu wake mzito kwenye cherehani, mara wateja wake wenye matumbo ya kubishana na vifungo. Na katika nyumba ile hakuna aliyeweza kutunga uzi kwenye sindano kama yeye. Fundi mwenye macho yake mawili angechomachoma hewa mpaka akasirike. Mama mkwe angeulamba uzi, angeligusa tundu kwa ncha ya kidole, na uzi ungepita kama umeitwa.

"Macho unayo kwa ajili ya urembo, mwanangu," angesema, akimrudishia.

Basi bibi huyo ndiye pekee fundi aliyekuwa naye duniani, na ndiye aliyekuwa karibu kunyang'anywa.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Mtu wa shuka nyeupe na kucha fupi, aliyeweza kunusa soksi chafu akiwa ngazi za chini. Hakuwa mtu mbaya, ila usafi ulikuwa umemkaa mpaka kwenye mifupa. Safari yake iliyopita alimkuta mama yake amelala, na mstari wa sisimizi ukipanda mguu wa kitanda, ukiingia chini ya mto, sentimita chache kutoka kwenye sikio. Hakupiga kelele. Alizungumza kwa sauti ileile aliyowawekea wasichana wasiotandika vitanda.

"Mama halali na wadudu, wifi. Nikirudi mwisho wa mwezi nikamkuta hata mmoja kwenye kitanda chake, naondoka naye."

Na habari ya dawa ya kopo, ile ya kupulizia wadudu, alisema, asithubutu. Hapo alikuwa na haki. Mwaka uliotangulia fundi aliwapulizia mende jikoni, pumu ya mama mkwe ikasimama wima, midomo ikageuka rangi ya wino, wakakimbizana hospitali. Wifi hakusahau, na fundi naye hakusahau, kwa hiyo lililobaki lilikuwa kupigana kwa silaha za jikoni.

Mama mkwe alishawahi kwenda kukaa kwa bintiye. Aliwekwa kwenye kochi lenye nailoni, akaelekezewa televisheni asiyoiona, akapewa uji bila sukari kwa wakati. Alirudi amekonda kama uzi namba sitini. Alipofika mlangoni kwa mkwewe alisema kule ni pasafi sana, hata maneno hayaangushwi sakafuni, akacheka mpaka akakohoa. Lakini usiku wa kwanza alimshika fundi mkono na hakuuachia mpaka alipopitiwa na usingizi.

*

Jenerali wa vita hivyo alikuwa Mama Viungo, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza karafuu na pilipili manga kwa vijiko kwenye kibaraza chake. Huyo kila ugonjwa aliuona ni wa kuungwa viungo tu. Alikuja na ushauri wake wa kwanza huku akitafuna iliki: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, upulize kwenye njia yao. Sisimizi, alieleza, hawaoni. Wanafuatana kwa harufu. Ukiivunja harufu umewavunja.

Fundi akapuliza. Nyumba ikanuka kama chupa ya kachumbari iliyosahauliwa. Sisimizi wakasimama pembeni ya unyevu, vipapasio vikichezacheza, kama watu wanaosoma tangazo. Kisha wakazunguka, wakapita upande wa pili wa cherehani, na kunyooka tena kuelekea kule kule.

Akaweka maganda ya limau kwenye ufa. Wakatokea kwenye ufa mwingine. Akanyunyiza pilipili ya unga kizingitini. Yeye na mama mkwe walipiga chafya mpaka wakaombana msamaha, sisimizi hawakupiga chafya hata kidogo. Akapanga karafuu dirishani, akasugua mdalasini ukutani, akatandaza majani ya nanaa chini ya godoro. Akachanganya magadi na sukari ya kusaga, mtego ambao Mama Viungo aliapa haujawahi kushindwa: mdudu huibeba sukari mpaka kwao, na magadi yanamalizia kazi huko huko. Ila mtego wa sukari unamtaka anayependa sukari. Walipita kando ya kisosi bila kugeuza kichwa.

"Hawa wako si wa kawaida, jirani," Mama Viungo alisema siku hiyo, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Alikuwa amepiga magoti karibu na sanamu ya nguo, akiutazama ule mstari. "Sisimizi huenda na kurudi. Akienda mtupu, anarudi na mzigo. Sasa nionyeshe mmoja anayerudi."

Fundi akainama. Aliangalia mpaka mgongo ukamuuma. Wote walikuwa wanakwenda. Hakuna aliyekuwa anarudi.

Mama Viungo akasimama, akajipangusa magoti, akasema ana mchuzi jikoni. Alikuwa hajapika kitu. Moshi wake haukuonekana siku nzima. Lakini mtu akitaka kuondoka, hata mchuzi wa uongo huungua.

Kutoka chumbani mama mkwe akaita, taratibu, kwa sauti isiyo na utani ndani yake. Alimwambia mkwewe awaache. Wanajua wanakokwenda.

*

Ile sanamu ya nguo ilikuwa kiwiliwili cha kitambaa kilichojazwa pamba, kisicho kichwa wala mikono, kwenye mguu mmoja wa mbao. Wateja waliizoea. Marehemu alikuwa akiiita Bwana Asiyekula, na kila asubuhi akiamkia kazini aliiamkia kwanza. Sasa ilikuwa imevaa koti lake.

Marehemu alikuwa fundi rangi. Miaka yote alibeba ngazi yake ya mbao begani, bega la kushoto, mpaka bega likashuka kwa upana wa vidole viwili na halikurudi tena. Ukimtazama kwa nyuma ungedhani dunia imeinama upande mmoja naye ndiye aliyenyooka. Mashati yake yote fundi aliyakata hivyo, kushoto chini vidole viwili, bila kupima. Mkasi wenyewe ulijua. Kisha akataka kumshonea koti, koti lenye bitana, la kwanza maishani mwake. Asubuhi moja alimsimamisha mbele ya kioo, akambandika mwili na mkono wa kulia kwa bandi, akamwona anavyojizungusha kama mtoto. Mkono wa kushoto ulikuwa umekatwa na kushonwa ubavu, ila haujabandikwa begani. Alikuwa amechelewa kazini.

"Nenda," fundi alimwambia. "Rudi jioni nikupime mkono."

Ngazi iliyomshusha bega ndiyo iliyomshusha na yeye mwenyewe, saa chache baadaye, kutoka kwenye ukuta wa jengo lililokuwa likipakwa rangi ya maziwa.

Baada ya mazishi fundi aliutafuta ule mkono wa koti. Alifungua mafurushi, akapekua masanduku, akahamisha kabati. Haukuonekana. Akasema labda umefagiliwa na takataka, maana siku zile nyumba ilijaa watu wenye mifagio. Hakukata mwingine. Kitambaa kilikuwepo, ila mkasi ulikuwa mzito. Koti likabaki kwenye sanamu, mkono mmoja, tundu la pili likiwa wazi, na wateja wakajifunza kutouliza.

*

Siku ya kuamkia ujio wa wifi, fundi alikuwa amebakiwa na silaha moja. Mama Viungo alimpitishia ushauri juu ya ukuta, bila kuingia: chaki. Sisimizi havuki mstari wa chaki, unga wake unamteleza na unaivuruga harufu. Na kumshauri fundi nguo chaki ni kama kumwuzia samaki maji. Akatoa akiba yake yote, zile bapa za kuchoria vitambaa, akapiga magoti sakafuni, akaanza.

Nia yake ilikuwa ukuta tu, mstari mmoja kati ya jikoni na chumba cha mama mkwe. Alianzia mlangoni, akaenda kinyumenyume, akichora na kurudia mara mbili ili mstari uwe mnene. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na wakawa wanazungumza. Walizungumza juu ya wifi: atakuja saa ngapi, atakula nini, atainusa vipi hii siki. Mama mkwe akamwigiza bintiye anavyokagua shuka kwa vidole viwili kama anamshika panya mkia, fundi akacheka mpaka akalala chali. Kisha fundi akasema, bila kuinua uso, kwamba kesho hatamwachia aende. Mdomo wa fundi ulikuwa kwenye maneno na moyo wake ulikuwa kwa yule bibi. Mkono ulibaki peke yake na chaki. Mkono wa fundi ukiachiwa chaki hauchori ukuta.

Aliliona asubuhi.

Jua lilikuwa limeshaingia ndani. Alipanda kwenye stuli kuteremsha robota la kitambaa, apange meza kabla ya wifi kufika, na kutoka juu akaangalia chini.

Sakafuni palikuwa na mgongo wa koti. Kola. Mshono wa kati. Kiuno kilichobanwa kidogo, kama alivyopenda. Mkono wa kulia ulionyooshwa pembeni. Bega la kulia juu. Bega la kushoto chini, vidole viwili. Na ndani ya chaki, kutoka kola mpaka pindo, sakafu haikuonekana. Walikuwa wamejaa. Walijipanga kila pembe bila kuuvuka mstari popote, weusi, wanang'aa, na walikuwa wakitikisika kwa pamoja, polepole, wakiinuka na kushuka, kama mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi anayepumua.

Sehemu moja tu mstari ulikuwa haujafungwa. Fundi yeyote hufunga mstari wake. Mwanafunzi akiuacha wazi hupigwa rula vidoleni, kwa sababu mkasi hupotelea hapo. Yeye aliuacha wazi pale penye tundu la mkono wa kushoto. Aliuacha wazi kwa sababu ndivyo alivyoliacha koti. Na kupitia hapo walikuwa wakitoka, mmoja nyuma ya mwingine, kuelekea chini ya mlango wa mama mkwe.

Alishuka kwenye stuli akishika ukuta. Akalizunguka lile umbo. Akasukuma mlango.

Mama mkwe alikuwa ameshavaa, ameketi kitandani, kiganja kimoja kimetulia juu ya mto. Mstari ulipanda mguu wa kitanda, ukapita karibu na paja lake, ukaingia chini ya kiganja.

"Mama," fundi alisema. "Inua mkono."

Bibi akageuza uso kuelekea sauti. Macho yake ya ukungu yalikuwa yameloa.

"Mwanangu, leo usinitanie."

"Sikutanii. Inua mkono, mama."

Akauinua. Fundi akauondoa mto. Chini yake palikuwa na mkono wa koti, ule wa kushoto, kitambaa kilekile cha kijivu, alama zake za chaki bado ziko juu. Kwa miaka yote ile ulikuwa kipande kilicholala bapa. Sasa ulikuwa umejaa. Ulikuwa na unene wa mkono wa mtu, mpana juu, mwembamba kuelekea kiganja, na kutoka ndani ilisikika sauti ndogo sana, kama mchele unaomiminwa mbali.

Fundi aliuchukua kwa mikono miwili, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Ulikuwa mzito. Ulikuwa na joto. Alipouinua, ukakunjika kwenye kiwiko.

Hakuudondosha. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Pengine kwa sababu mtu hawezi kuudondosha mkono anaoufahamu.

Mama mkwe akaeleza, maneno yakitoka kwa shida katikati ya filimbi za kifua. Asubuhi ile ya kupima koti alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Alimsikia fundi akimwambia mwanawe arudi jioni apimwe mkono. Na mtoto yule, tangu akiwa mdogo, hakuwahi kuitwa asirudi. Basi zilipokuja habari, kabla ya watu kujaa, alipapasa mezani akauchukua mkono, akaushindilia kifuani. Alijiambia koti likikamilika mwanawe hatakuwa na la kumrudisha. Lisipokamilika, ipo siku. Alikuwa anaulalia. Na siku za karibuni, tangu hawa wadogo waanze kuja, akiugusa usiku aliusikia unazidi kunenepa.

"Alikuwa anakuja kidogokidogo," bibi alisema. "Na wewe unampulizia siki."

Fundi akakaa kitandani kando yake, mkono ule ukiwa mapajani mwake. Walikaa hivyo wawili na robo, kama angekuwepo mtu wa kuwahesabu kwa mzaha, na hakuwepo, maana mtani wa nyumba ndiye aliyekuwa analia. Nje mtaani mtu aliburuta toroli. Wifi alikuwa njiani. Basi lake huingia kabla jua halijawa kali.

"Mimi ndiye niliyemwambia arudi," fundi alisema mwishowe. "Mteja ukimwita kupima, humfungii mlango ukamsubirisha. Namshonea, mama."

"Ukiushona ataondoka."

"Nisipoushona utaondoka wewe."

Kiganja cha mama mkwe kikatembea juu ya shuka, kikaufikia ule mkono wa koti, kikaupapasa kuanzia juu: bega, kiwiko, mpaka kwenye pindo la kiganja. Pale kidole chake kikatulia, kama mtu anayeangalia mapigo.

"Nipe sindano," akasema.

Akaulamba uzi. Mara hii alikosea. Akakosea tena. Fundi hakumsaidia na hakumtania. Mara ya tatu uzi ukapita, bibi akafunga fundo mwishoni, akamkabidhi.

Fundi hakutumia cherehani. Aliona aibu kwa kelele zake. Alisimama mbele ya sanamu, akauinua mkono kwenye tundu lake, akashona kwa vidole, mishono midogo ya kufichika, ile anayomshonea bwana harusi. Sisimizi walitambaa juu ya vidole vyake na hakuna aliyemuuma. Nyuma yake, sakafuni, aliusikia ule mgongo ukisogea. Walikuwa wanalipanda koti. Walipanda mguu wa mbao kimyakimya wakaingia ndani ya bitana, na kwa kila mshono aliofunga koti lilizidi kujaa, kifua kikaja mbele kidogo, mgongo ukanyooka. Alikuwa na pini mdomoni na hakuthubutu kuitema. Alijilazimisha kutazama mshono tu, kama anavyofanya kwa wateja wanaume wanaosimama karibu mno.

Alipofika mwisho alikata uzi kwa meno. Shavu lake likagusa bega la kushoto, nalo lilikuwa na joto, na lilinuka rangi mbichi.

Fundi alikuwa na neno lake. Kila mteja anayemaliza kupimwa alimgonga begani mara moja na kumwambia neno hilo, awe mkubwa au mtoto, awe amelipa au amekopa. Akalisema sasa.

"Tayari. Vaa kwa amani."

Mkono wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo, namna mtu anavyouinua akipimwa. Ukashuka, taratibu. Kisha kwenye pindo lake wakaanza kutoka. Walimwagika kwa utulivu kama uzi unaokunjuka kwenye kibiringo, wakashuka mguu wa sanamu, lakini hawakurudi jikoni kwenye ufa. Waliondoka kwa mlango wa mbele, kama mteja.

*

Wifi alifika fundi akiwa bado anasugua chaki. Alisimama kizingitini, akanusa, akasema nyumba inanuka duka la viungo lililomwagikiwa siki. Halafu akavua viatu, akaingia chumbani kwa mama yake, akafanya kazi aliyoijia. Alivuta shuka, akainua godoro, akapitisha kidole kwenye miguu ya kitanda, akaukung'uta mto dirishani. Akapiga magoti akaangalia chini kwa tochi. Fundi alisimama mlangoni, kitambaa cheupe kwa chaki mkononi, akiwa anahisi moyo wake kwenye meno.

Hakuna kitu. Hata mmoja.

Wifi alitoka chumbani akijipangusa mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja na hoja nzito akakosa pa kuitua. Ndipo alipoliona koti.

Alilisogelea. Alikuwa dada wa mwenye koti. Walilala kitanda kimoja utotoni, wakigombania shuka.

"Umelimaliza," alisema.

"Tumelimaliza."

Wifi akatazama, na mkono wake wa matroni, ule usioweza kuona kitu kimekaa upande, ukaenda wenyewe. Akaliinua bega la kushoto likae sawa na la kulia. Sanamu ile mabega yake yamelingana; kiwandani hawatengenezi mengine. Bega likakaa. Alipoondoa mkono, likashuka. Akaliinua tena, akalibonyeza kidogo. Likashuka tena, vidole viwili, bila haraka.

Wifi akaurudisha mkono wake nyuma ya mgongo, akaushika kwa mwenzake, akauliza kama kuna chai.

Walikunywa jikoni, watatu, mlango wa mbele ukiwa wazi ili siki ipungue. Mama mkwe alikuwa ameinua uso kama mtu anayesikiliza mvua. Wifi akakoroga, akakoroga tena kikombe kilichokwisha kukorogwa, kisha akamwuliza mama yake, kwa sauti ambayo wasichana wa bwenini hawakuwahi kuisikia, kama anapenda kubaki.

"Nikija kwako nitamtungia nani sindano?" bibi akasema. "Kwako hata kifungo kinashonwa dukani. Na huyu nikimwacha atakufa na uzi mkononi, anatafuta tundu."

Fundi akafungua kopo la sukari ili apate pa kuficha uso. Ndani yake, juu kabisa, alikuwemo sisimizi mmoja. Mmoja tu, mdogo, kichwa kimezama kwenye punje, anakula kwa uroho wa kawaida kabisa wa mdudu aliyelelewa vizuri. Fundi alimtazama akatamani kumbusu. Kisha akakumbuka nani ameketi kando yake.

Wifi alikuwa ameshamwona. Alimtazama sisimizi, akamtazama mama yake, akatazama mlango wa chumba cha mbele. Akanyoosha mkono, akalifunika kopo taratibu, akaendelea kunywa chai yake.

Hapo ndipo wote watatu waliposikia, upande wa mbele, mbao ikigongana na mbao mara moja, kama kitu kirefu kinapoegemezwa begani. Kisha hatua, zisizo za haraka, zikitoka nje.

Hakuna aliyeinuka. Baada ya muda fundi alikwenda, kwa sababu ilikuwa nyumba yake. Bwana Asiyekula alisimama pale kwenye mguu wake mmoja, uchi, mabega sawasawa. Sakafuni hapakuwa na chaki, hapakuwa na mdudu. Nje, mtaa ulikuwa mtupu mpaka kwenye kona. Tepu ilikuwa shingoni mwake, naye alikuwa ameishika ncha yake bila kujua. Akaiviringisha, akaiweka mfukoni.

Aliporudi jikoni wifi alikuwa amemshika mama yake mkono.

"Lilimkaa?" mama mkwe akauliza.

Fundi akavuta stuli, akaketi kati yao.

"Lilimkaa, mama," akasema. "Kushoto nililiachia kidogo, ili apate nafasi ya ngazi."